Nyasi ya preri haililii samadi

Watunza bustani wengi Marekani wameamini kwa miaka mingi kwamba nyasi ya porini ikiletwa nyumbani lazima itiwe mbolea na kumwagiliwa kila mara, la sivyo itadhoofika. Sivyo. Chukua Schizachyrium scoparium, nyasi asilia ya preri, yaani mbuga pana za nyasi za Amerika Kaskazini, ambayo Nebraska iliifanya nyasi rasmi ya jimbo mwaka 1969. Imezoea udongo mkavu, wa kichanga au wa mawemawe, na mizizi yake huzama chini sana kufuata maji. Ukiipa samadi nyingi hurefuka upesi, mashina hulegea, na mvua kubwa huilaza. Iliyolala hivyo haina njaa. Imeshiba kupita kiasi. Kivuli nacho huilegeza vilevile.

Mwagilia hasa mwaka wa kwanza, mpaka mizizi ishike, na uipande penye jua. Tafadhali usiing'oe ukidhani imekufa wakati mimea mingine inachipua mapema: hii hungoja joto. Mabua yake ya rangi ya shaba yaache yasimame majira yote ya baridi, maana ndege hula mbegu zake. Yakate kabla tu ya machipukizi mapya.