Mtambo wa Pamoja wa Kupoza Majengo Tanga: Dhana Potofu na Ukweli

Hospitali au hoteli inapoanza kuchorwa katika mji kama Tanga, husemwa kwamba mtambo wa pamoja wa kupoza na kupasha joto ni jambo la nchi zenye theluji. Ni kweli kwamba vyumba vyetu havihitaji kupashwa joto, lakini mashuka ya wagonjwa hufuliwa kila siku na wageni wa hoteli huoga maji ya moto tangu alfajiri. Chila, yaani mashine inayopoza maji ya kuzungushwa ndani ya jengo, hailifuti joto bali hulihamisha: kwa kila kilowati 1 ya umeme, mashine inayotoa joto lake hewani huondoa jengoni joto la takriban kilowati 3, kisha hutupa nje zote 4. Sehemu ya joto hilo ikipitishwa kwenye tangi, maji yanaweza kufikia nyuzi 50 za Selsiasi hivi, na hita ikamalizia hadi nyuzi 60 zinazozuia bakteria wa Legionella, wanaosababisha homa kali ya mapafu, kuzaliana.

Dhana iliyoota mizizi zaidi, na kwa maoni yangu yenye hasara kuliko zote, ni kwamba mtambo ukiwa mkubwa ndipo jengo hupoa vizuri. Mhandisi hukokotoa mzigo, yaani kiasi cha joto la kuondolewa jengoni, wa siku yenye joto kali kabisa, akaongeza akiba, na mwenzake akaongeza nyingine juu yake. Siku hizo ni chache. Mzigo hupanda wakati wa kaskazi, Januari na Februari. Kusi inapovuma Juni na Julai hushuka, na usiku hushuka zaidi. Kompresa (sehemu ya chila inayokandamiza gesi ya kupozea) moja kubwa yenye kazi ndogo huwaka na kuzima mara kwa mara, ikachakaa upesi na kupoteza umeme. Tena hewa ya pwani imejaa unyevu, ambao huondoka pale tu hewa inapopita kwa muda wa kutosha kwenye koili baridi, yaani mabomba yaliyokunjwa ya kupozea, na kuacha matone. Mashine iliyozidi kipimo hufikisha haraka nyuzi zilizotakiwa, ikazima, na unyevu ukabaki. Kuta huota ukungu, na aliyemo chumbani huongeza baridi akidhani mashine ni ndogo. Moduli nne ndogo, yaani chila ndogo zinazounganishwa kuwa mtambo mmoja, huondoa sehemu kubwa ya tatizo hili, kwa kuwa tatu zinaweza kupangwa zitoshe mzigo wa juu, ya nne ikawa akiba mojawapo inapoharibika, na usiku wa Julai pengine ikaendeshwa moja tu.

Wapo wanaodhani moduli ni vifaa vya muda. Sivyo: huunganishwa kiwandani juu ya fremu ya chuma pamoja na pampu na mabomba yake, zikajaribiwa kabla ya kusafirishwa, hivyo kazi inayobaki kwenye eneo la ujenzi ni msingi, mabomba ya jengo na umeme.

Viyoyozi vya kila chumba huonekana nafuu, na kwa nyumba au duka vinatosha kabisa. Katika jengo kubwa, vyumba vya mashariki hupata joto asubuhi na vya magharibi alasiri, kwa hiyo mtambo wa pamoja huweza kuwa mdogo kuliko jumla ya viyoyozi vyote.

Husemwa pia kwamba kwa kuwa bahari iko karibu, maji yake yatapoza jengo moja kwa moja. Maji ya juu ya bahari yetu huwa kati ya nyuzi 25 na 30 hivi, ilhali chila hupeleka jengoni maji ya nyuzi 6 au 7. Bahari inaweza kupokea joto linalotupwa na chila, lakini kibadilisha joto chake kinapaswa kuwa cha titani au aloi ya shaba na nikeli, na kusafishwa viumbe wanaong'ang'ania ndani yake. Hata mtambo unaotumia hewa hausalimiki na chumvi, kwa sababu upepo wa bahari hula mapezi ya alumini ya koili, yaani vibati vyembamba vinavyoizunguka. Koili zinunuliwe zikiwa zimepakwa kinga, na gharama ya kuziosha kwa maji baridi yasiyo na chumvi iandikwe kwenye mkataba wa matengenezo kabla mtambo haujawashwa.