"Ni jua tu, sista": maswali kuhusu mtoto mchanga na joto la kiangazi

Mimi ni muuguzi katika kituo cha afya upande wa Arua, kaskazini-magharibi mwa Uganda. Kiangazi kikianza, kuanzia Desemba mpaka Machi, haipiti siku bila mama kuketi kwenye benchi letu na mtoto anayechemka mwili. Nikiuliza homa imeanza lini, naambiwa: "Tangu jana, sista, lakini tulidhani ni jua tu." Haya ndiyo maswali ninayoulizwa kwenye benchi hilo.

Jua lile lile tunatembea nalo sisi. Kwa nini limdhuru mtoto?

Kwa sababu mwili wake haujaweza kujipoza kama wako. Jasho lake ni kidogo, na ngozi yake ni pana ukilinganisha na uzito wake, kwa hiyo joto linamwingia upesi. Tena wewe ukizidiwa unasogea kivulini na kunywa maji. Yeye anakungoja wewe. Ikweta inapita Uganda, kwa hiyo jua ni kali mwaka mzima, na kali zaidi kati ya saa nne asubuhi na saa kumi alasiri. Ngozi nyeusi husaidia asiungue haraka. Haizuii joto kuingia mwilini.

Nimweke wapi basi?

Chini ya mwembe. Huku kwetu miembe imejaa, na hakuna chumba cha mabati kinachoushinda saa nane mchana. Nyumba ya nyasi nayo ina ubaridi. Chumba cha mabati kilichofungwa dirisha, au kibanda cha turubai kama wanavyokaa ndugu zetu wengi wakimbizi wa makazi ya Rhino Camp na Bidibidi, mchana ni tanuri: mtoto asilazwe humo, mtoe nje kwenye kivuli chenye upepo. Unayeuza sokoni, usimlaze kwenye boksi chini ya meza na kufunika juu kwa kitenge; hewa haipiti. Na ndani ya gari lililosimama asiachwe hata dakika moja.

Safari ya kliniki ya chanjo, toka mapema. Mama anayeanza safari saa sita ya mchana, mtoto amebanwa katikati yake na dereva wa boda, anafika kwetu na mtoto aliyelowa kama ametolewa mtoni.

Si lazima mtoto avikwe vizuri? Wakwe watasema simtunzi.

Wakwe wataniambia mimi. Mtoto wa kiangazi avae nguo moja nyepesi ya pamba, na kofia ya kitambaa yenye ukingo mkiwa njiani. Mwezi wa Januari kofia ya sufu, sweta, soksi na blanketi juu yake ni mateso, na uzuri wa picha haumsaidii. Shika shingo au mgongo wake, si viganja. Ukikuta jasho na moto, punguza nguo. Ukimbeba mgongoni, uso wake usifunikwe. Afadhali mwavuli.

Nimetoka sokoni na mtoto, anachemka. Si ni jua tu?

Hapa ndipo naomba unisikilize.

Januari moja aliletwa mtoto wa miezi mitano. Tulimfungua kwenye meza: blanketi, sweta, fulana mbili, kofia ya sufu. Nywele zilikuwa zimeshikamana kichwani kwa jasho. Kipimajoto kwapani kilionyesha 38.9. Tukamvua, tukampangusa kwa kitambaa cha maji ya kawaida, mama akamnyonyesha kivulini. Baada ya nusu saa: 38.7. Joto la jua na nguo lingekuwa limeshuka. Tukamtoboa, tone la damu kwenye kipimo cha haraka, mistari miwili ikatokea. Malaria. Mama alikuwa amemwona anachemka tangu jioni iliyopita, jirani akamwambia asubiri kupoe, ni jua. Usiku mzima vimelea vilikuwa vinaongezeka damuni huku watu wakilisingizia jua.

Kwa hiyo fanya hivi. Peleka mtoto kivulini, mvue, mpanguse kwa maji ya kawaida, si ya barafu wala spiriti, mnyonyeshe. Ngoja nusu saa, basi. Akipoa, akanyonya vizuri na kuchangamka, yaelekea ilikuwa joto. Akibaki na moto, njoo siku hiyo hiyo. Usisubiri jioni ipoe, usisubiri asubuhi, usisubiri baba arudi.

Mtoto wa chini ya miezi miwili hana hata hiyo nusu saa ya kungoja. Kipimo cha kwapani kikifika 37.5, au ukimgusa tu ukamwona ana moto, mvue na muanze safari, umnyonyeshe njiani. Akiwa na baridi isiyo ya kawaida pia muanze safari, ila huyo usimvue.

Lakini kweli alishinda juani! Nilimwona mwenyewe.

Nakuamini. Mtoto aliyeshinda juani anaweza pia kuwa na malaria, au nimonia, au sumu ya ugonjwa kwenye damu. Jua halimkingi na mbu aliyemuuma wiki mbili zilizopita. Mkono wako hauwezi kutenganisha joto la jua na homa ya malaria, na wangu hauwezi pia. Ndiyo maana tunatoboa kidole au kisigino, na majibu yanatoka kabla hujamaliza kumnyonyesha. Vituo vya serikali vilifuta ada tangu 2001, na vijiji vingi vina mhudumu wa afya wa kijiji mwenye kipimo hicho hicho. Anza kwake kama sisi tuko mbali.

Dalili hizi, usipoteze muda hata wa kumpoza nyumbani. Mvue mkiwa njiani. Dalili zenyewe: hanyonyi, anatapika kila kitu, amelegea au haamki, amepata degedege, anapumua mbio, utosi umebonyea, au nusu siku imepita hajakojoa. Njoo sasa.

Amechanjwa malaria. Bado nimlete?

Ndiyo. Chanjo hiyo ilianza kutolewa Uganda Aprili 2025, dozi ya kwanza ni miezi 6, na za mwisho zinafika miezi 18. Inapunguza malaria kali, haifuti malaria. Akichemka, apimwe.

Bibi anasema ni meno ya plastiki, yang'olewe.

Hapana. Namheshimu bibi, lakini hapana. Kile cheupe kwenye ufizi, ambacho wengine wanakiita ebinyo, ni jino lake la kweli ambalo halijachomoza. Kukichimba kwa spoku ya baiskeli kunamtia jeraha, kunamwaga damu na kuingiza vijidudu, huku ugonjwa wenyewe ukiendelea. Nimepokea watoto waliopitishwa huko kwanza na kuletwa kwetu siku ya tatu. Siku ya tatu ni mbali mno.

Nimpe panadol na nusu kidonge cha Coartem, dawa ya malaria, kilichobaki cha kaka yake?

Usimpe mabaki. Nusu kidonge hakiui vimelea vyote, na dozi hupimwa kwa uzito wa mtoto. Chini ya miezi miwili hata panadol usimpe bila kuambiwa na mhudumu. Aspirini asipewe kabisa.

Kwa joto hili, hata maji kidogo tu hapewi?

Chini ya miezi sita, hapewi. Wala glukosi, wala maji ya sukari. Maziwa yako karibu sehemu tisa kati ya kumi ni maji, tena ni maji salama. Maji ya kisima yanamletea kuhara, na kuhara ndiko kunakomkausha. Mnyonyeshe mara nyingi zaidi, hata kila saa akitaka. Anayehitaji kikombe ni wewe mama.

Mtoto wangu ana manjano. Nimwanike asubuhi?

Muhogo ndio unaoanikwa. Taa za hospitali zinazotibu manjano zina mwanga maalum na mtoto anapimwa akiwa chini yake. Jua la uani linamchoma na kumkausha tu, na siku zinapita. Manjano yakitokea ndani ya saa 24 za kwanza, au viganja na nyayo zikiwa za njano, hiyo ni dharura. Manjano makali yanaharibu ubongo, na ubongo ulioharibika haurudi. Siku nyingine yoyote pia, mlete tuangalie.

Na poda, mafuta?

Kwa vipele vya joto, mwogeshe, mkaushe, mwache bila nguo kivulini. Poda inaingia mapafuni, na mafuta mazito ya mgando yanaziba ngozi. Mafuta ya kukinga jua si ya chini ya miezi sita. Kivuli na nguo vinatosha. Mwenye mtoto mwenye ualbino ndiye asicheze na jua hata dakika: mikono mirefu, kofia pana, kivuli kila wakati, na akifika miezi sita muulize mhudumu mafuta ya kukinga ya namba 30 kwenda juu.

Nimechelewa siku mbili. Nikija si mtanifokea?

Huenda ukafokewa. Nimewahi kufoka mwenyewe, na mama mmoja akaniambia ndiyo sababu hakuja mapema. Tangu siku hiyo nauliza kwanza mtoto amenyonya saa ngapi. Njoo hata kama umechelewa, hata saa nane za usiku. Chumba cha wazazi kina mtu usiku kucha. Gonga mlango wa pale penye taa.