Mlio wa masikioni si umeme wa mwili

Wapo wanaosema "nziiii" inayosikika masikioni usiku wa kimya ni umeme wa mwili. Mapema miaka ya 1950, mtunzi wa muziki John Cage aliingia katika chumba kisicho na mwangwi pale Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani. Akasikia sauti mbili, nyembamba na nzito. Kwa masimulizi yake, mhandisi alimwambia ile nyembamba ni mfumo wa neva ukifanya kazi. Maelezo matamu, na ndiyo maana watu hawayaachi.

Umeme mwilini upo, hilo halina ubishi. Wa moyo ukipimwa juu ya ngozi ni kama milivolti 1, yaani sehemu moja ya elfu ya volti. Wa ubongo ni makumi ya mikrovolti tu, yaani sehemu za milioni za volti. Lakini sehemu kubwa ya umeme huo hutetema chini ya mara 200 kwa sekunde, ilhali "nziiii" ya usiku wa kimya aghalabu iko kwenye maelfu.

Na ukitaka kuupima mwenyewe, ukashika ncha za mita ya fundi umeme, ukaiweka kwenye AC (umeme unaogeuka mwelekeo), namba zikacheza? Usijisifu bado: mara nyingi ni umeme wa nyaya za ukutani, hezi 50 (mara 50 kwa sekunde), mwili umeunasa kama antena.

Basi mlio unatoka wapi? Mwaka 1953 watafiti Heller na Bergman waliwaweka watu 80 wenye usikivu mzuri katika chumba kimya. Asilimia 94 walisikia milio. Ubongo ukikosa sauti za nje huongeza usikivu wake, hasa pale kelele au umri vinapoharibu seli za sikio la ndani.

Mlio wa sikio moja tu, au unaodunda pamoja na mapigo ya moyo, upeleke kwa daktari wa masikio.