Bendera ya Taifa haikaguliwi kwa mkanda mweusi

"Mradi mkanda mweusi unapanda, bendera iko sawa." Kauli hii husemwa hata na wenye dhamana ya kupandisha bendera ya Tanzania kila asubuhi, na ndiyo inayoacha bendera zikipepea juu chini mchana kutwa. Izungushe nusu duara uone: mkanda unabaki palepale, kutoka pembe ya chini penye mlingoti hadi pembe ya juu upande wa pili. Zinazohama ni rangi.

Kagua pembe moja tu, ya juu inayogusa mlingoti. Ikiwa kijani, ni sahihi. Ikiwa buluu, imezungushwa nusu duara. Ikiwa nyeusi, imepinduliwa juu chini au imefungwa kwa upande usio wake. Ukiitazama kwa nyuma, mkanda utauona unashuka kutoka kushoto kwenda kulia. Usikimbilie kuifungua, kijani bado kiko juu penye mlingoti. Dawa ni kwa fundi: ashone kitanzi kwenye pembe ya kijani na kuacha kamba ndefu kwenye pembe nyeusi ya chini. Hapo hata anayefunga alfajiri gizani hakosei.

Mafundi nao wana lao: "Mshazari ni nyuzi 45." Sio! Uwiano wa bendera ni 2 kwa 3, hivyo mkanda unalala kwa nyuzi kama 34. Bendera ya sentimita 120 kwa 180 ina sentimita 216 pembe hadi pembe. Ukikata kwa 45, mkanda unaikosa pembe. Tena, ukate mkanda kufuata uzi wa kitambaa, maana kingo za mshazari za zile pembetatu za kijani na buluu hunyumbuka. Zishikize kwa pini kwenye mkanda kabla ya cherehani, la sivyo bendera itajikunja katikati.

Njano si pambo. Ni madini yetu, na bila mistari hiyo, nyeusi na buluu humezana kwa mbali.

Wala hii siyo bendera ya Uhuru. Aliyoisimika Luteni Alexander Nyirenda kileleni Kilimanjaro mwaka 1961 ilikuwa ya Tanganyika: kijani, nyeusi, kijani, na mistari ya njano. Buluu ilikuja na Zanzibar baada ya Muungano, na bendera ya sasa ikaanza Juni 30, 1964. Zanzibar yenyewe ina bendera yake tangu Januari 2005: buluu, nyeusi na kijani, na ile ya Muungano ndogo kwenye pembe ya juu.