Je, wajua kwa nini punda wa sekunde kumi humla mchora katuni wiki nzima?

"Kwani si kompyuta ndiyo inayochora?" Nimeulizwa hivyo mara nyingi, hasa nikiwa nimekaa barazani na tableti mapajani, na anayeuliza hana ubaya. Katuni anaziona kwenye televisheni kutwa kucha, lazima iko mashine inayozimwaga. Basi nikimwambia kwamba huyu punda anayepita kwa sekunde kumi amenichukua siku saba, hunitazama kama anavyomtazama fundi anayetafuta kisingizio cha kupandisha bei.

Tuanze na hesabu, kwa kuwa ndiyo nyepesi. Filamu ya sinema huonyesha picha 24 kila sekunde. Hakuna hata moja inayotembea. Zote zimetulia tuli, ni macho na ubongo wetu vinavyoziunga zikawa mwendo. Sisi wachora katuni tuna ujanja wa tangu zamani: kila mchoro tunaushikilia kwa fremu mbili, yaani picha mbili za filamu, kwa hiyo sekunde moja inakula michoro 12. Sekunde kumi, michoro 120. Mwaka 1908 Mfaransa Émile Cohl alichora kwa mkono picha kama 700, na filamu yenyewe haikufika hata dakika mbili.

Mchoro mmoja wa punda, mistari mitupu, huutoa kwa dakika kumi hivi. Michoro 120 ni kazi ya siku tatu. Hizo nne nyingine zilikwenda wapi? Zilikwenda kwa mzee mmoja mwenye punda.

Nilikuwa nimepewa kazi ya tangazo na mteja wa bara: punda anapita kichochoro cha Lamu, amebeba mchanga wa ujenzi. Hatua za mnyama hujirudia, na ukichora mzunguko mmoja vizuri, mchoro wa mwisho ukashikana na wa kwanza, unaweza kumtembeza mpaka kijiji cha Matondoni bila kugusa kalamu tena. Miguu niliipanga inavyotakiwa: nyuma kushoto, mbele kushoto, nyuma kulia, mbele kulia. Nikajiona nimemaliza. Nikateremka pwani, nikamwonyesha mzee aliyekuwa akipakia mchanga.

Akatazama, akacheka kwa adabu. "Mwanangu, huyu ni farasi. Tena farasi asiyebeba kitu."

"Nimekosea wapi, mzee?"

Hakunieleza. Alimpiga punda wake kofi dogo la mgongoni, akaondoka naye, akasema bila kugeuka, "Mwangalie kichwa."

Nilikaa pale mpaka adhuhuri nikirekodi kwa simu, kisha nyumbani nikairudisha video fremu kwa fremu. Punda mwenye shogi, ule mfuko wa mzigo wa mgongoni, lililojaa mchanga hainui kwato juu, huzipitisha karibu na ardhi kama anayeogopa kuamsha mtu. Kichwa kinapanda na kushuka kwa kufuata miguu ya mbele. Masikio yanachelewa: kichwa kimeshashuka, yenyewe bado yako njiani. Na shogi nalo lina mambo yake. Punda akisimama, mzigo unasogea mbele kidogo, ndipo unarudi nyuma na kutulia. Kuchelewa huko ndiko kunakomwambia mtazamaji kwamba mle ndani mna mchanga, ingawa mimi nimechora mstari tu.

Nilijifariji kwamba sikuwa wa kwanza. Watu wameishi na farasi maelfu ya miaka, na wachoraji wakubwa wa Ulaya wakawa wanamchora akikimbia huku miguu ya mbele imenyooshwa mbele na ya nyuma imenyooshwa nyuma. Mwaka 1878, huko California, mpiga picha Eadweard Muybridge alipanga kamera mstari mzima kando ya njia ya farasi. Ikaonekana kweli kuna wakati kwato zote nne ziko hewani, lakini ni pale miguu imekusanyika chini ya tumbo. Jicho lilikuwa limedanganya siku zote. Ajabu ni kwamba jicho hilohilo halisamehe: mtu wa Lamu huenda asijue mguu upi wa punda hutangulia, lakini ukikosea atakwambia kuna kitu hakiko sawa.

Basi kazi kubwa iko kati ya mchoro na mchoro. Michoro ikikaribiana, kitu kinakwenda polepole, ikiachana, kinaruka. Mguu wa punda wangu ukipanda niliupa michoro minne iliyosongamana, ukishuka miwili tu, ukatua kwa uzito. Kompyuta inaweza kujaza picha za kati, na huwa naiachia baadhi, lakini usipoielekeza inagawanya sawasawa, na punda anateleza kama dau kwenye maji matulivu. Programu zenyewe si tatizo. Blender ni ya bure, na filamu ya Latvia iliyotengenezwa kwayo ilichukua Oscar mwaka 2025.

Yanayochosha zaidi ni ya biashara. Sianzi kuchora kabla mteja hajaikubali storibodi, yaani michoro ya awali ya kisa kizima, na kutoa arbuni, tangu yule mmoja, simtaji, aliyenipigia simu kazi ikiwa imebaki siku moja: "Ni nzuri sana. Huyo punda mbadilishe tu awe ng'ombe." Tu!

Usiku ndio wangu. Nakata vivuli vya karatasi kwa hadithi alizokuwa akinisimulia bibi, navisogeza chini ya kamera kidogo kidogo, nusu milimita, picha, nusu milimita, picha. Mjerumani Lotte Reiniger alifanya hivyo kwa visa vya Alfu Lela Ulela. Alianza 1923, filamu ikatoka 1926, na ina urefu wa saa moja na kidogo. Mimi mwaka wa pili huu, nina dakika nne. Feni ikiwashwa chumbani kwa bahati mbaya, nina dakika tatu na nusu.

Punda wa tangazo alikwisha siku ya saba. Nikarudi pwani na simu. Mzee aliitazama mara tatu, akaishika mbali kidogo na macho, akairudisha.

"Huyu sasa ni punda. Hapa anapita wapi, kichochoro cha msikitini?"

"Ndiyo, mzee."

"Basi hapo kuna ngazi. Na mbele ya ngazi lazima asimame kwanza, agome."

Sekunde mbili zaidi. Michoro 24, na masikio.