Kinachoharibu ua wa nyumba ni maji, si jiwe

Masika yakiisha, simu ninazopokea hapa Mombasa, kutoka Nyali hadi Likoni, hufanana: "Fundi, kabro zimetitia getini, njoo ubadilishe." Nikifika, kabro zenyewe, yaani matofali ya zege ya kutandika uani, nazikuta nzima. Nang'oa mbili tatu, chini naona mchanga mtupu uliomwagwa juu ya udongo mlegevu. Kununua kabro mpya hapo ni kutupa pesa.

Kazi kubwa ni ya kabla ya jiwe la kwanza kulazwa. Ua wa gari dogo nauchimba karibu sentimita 25, naondoa udongo wenye mizizi, kisha natandaza moramu, ule udongo mwekundu wenye changarawe, kwa tabaka zisizozidi sentimita 10. Kila tabaka hunyunyiziwa maji na kushindiliwa kwa mashine ndipo jingine lifuate. Mwenye nyumba akitaka tushindilie zote kwa mkupuo ili kazi iishe leo, nakataa. Nguvu ya mashine haifiki chini, na gari ndilo litakalokuja kumalizia kushindilia.

Mteremko uwe sentimita 2 kwa kila mita, maji yaukimbie ukuta wa nyumba. Nauvuta uzi, naupima, na kabla ya kufunika namwaga ndoo ya maji nione yanaelekea wapi. Kisiwani penye matumbawe maji hunywewa upesi. Upande wa Changamwe udongo ni mfinyanzi, maji yanasimama, kwa hiyo mfereji ni lazima.

Juu ya moramu weka mchanga wa mto, sentimita 3 tu. Usitumie mchanga huo kuzibia mabonde. Na tafadhali, usilete mchanga wa ufuoni: chumvi yake hupanda na kuacha unga mweupe juu ya mawe.

Gari dogo linatoshwa na kabro ya milimita 60. Lakini wengi wetu hapa hununua maji ya lori, na lita 10,000 ni tani 10 kabla hujahesabu lori lenyewe. Lori likiingia uani, chukua milimita 80. Pembeni jenga ukingo wa zege, la sivyo kabro zitaachana.

Mawe ya Mazeras, yale mawe bapa ya asili, ambayo mimi nayapenda kuliko kabro kwa vijia na baraza, hayana unene mmoja. Yalaze juu ya saruji iliyojaa chini yote. Gonga kila jiwe kwa mpini wa nyundo: likilia kama debe tupu, linyanyue uongeze saruji kabla haijashika.

Utunzaji si mgumu. Kwa kabro, baada ya mvua fagilia mchanga mkavu kwenye nafasi zilizobaki wazi, na ung'oe magugu yangali machanga. Kuvu ya kivulini isugue kwa brashi ngumu na maji yenye dawa kidogo ya kung'arishia nguo, kisha suuza. Asidi iache kabisa, inakula saruji. Mashine ya maji ya kasi nayo ishikwe mbali, maana hufukua mchanga wote ulioshikilia kabro.