Sikiliza kiambishi kabla ya kutegua kitendawili

"Kitendawili!"
"Tega!"
"Popo mbili zavuka mto."

Macho. Kila aliyepita shule ya msingi analo jibu hili, na wengi wetu tulilikariri tu, hatukulitegua. Nauliza basi: popo na macho wapi na wapi? Na tangu lini mnyama akahesabiwa "mbili" na kuambiwa "zavuka"? Popo wa darini wangekuwa wawili, nao wangesemwa wavuka.

Mimi naamini aliyetunga hakusema popo. Alisema popoo, tunda la mpopoo, lile gumu la mviringo linalokatwa vipande likatafunwa kwa tambuu na chokaa. Popoo moja, popoo mbili, zavuka. Sasa picha inakaa: umesimama ukingoni, mwili haujalowa hata wayo, lakini macho, viduara viwili, yameshafika ng'ambo. Uraibu wa tambuu ulipopungua majumbani, neno likawa geni masikioni, likasikika popo. Sarufi haikubadilika, ndiyo inayotusaidia kuukamata mchezo.

Katika vitabu vya fasihi simulizi utasoma kwamba kitendawili ni sitiari, kitu kimefichwa ndani ya kitu. Ni kweli. Kisichosemwa sana ni kwamba Kiswahili kina chombo cha kuficha ambacho lugha nyingi hazina: upatanisho wa ngeli, yaani kiambishi cha kitenzi kufuata aina ya nomino. Chukua "Haukamatiki wala haushikiki." Kabla hujawaza lolote, sikia ile u-. Maji yameondoka, yangekuwa hayakamatiki. Hewa imeondoka, haikamatiki. Giza nalo lingekuwa halikamatiki. Waliobaki ni akina moshi na upepo. Jibu la mapokeo ni moshi, ingawa anayetetea upepo ana hoja, na barazani angesikilizwa. "Hausimiki hausimami" nacho ni hivyo hivyo: kiambishi kinasema kweli, kinakuelekeza kwenye mkufu bila kuutaja.

Halafu kuna vitendawili vinavyodanganya makusudi. "Kila niendapo ananifuata." Jibu ni kivuli. Mtegaji angesema "kinanifuata" angekuwa amekwisha kukupa nusu ya jibu, kwa hiyo anakivisha kivuli utu kwa a- moja tu, nawe unaanza kutafuta mbwa, mtoto, mke mwenye wivu. "Amezaliwa Ali, amekufa Ali, amerudi Ali" ni ujanja uleule, tena umeongezewa jina kabisa. Nani angefikiri nywele?

Ndiyo maana sipendi orodha zile za vitendawili mia moja na majibu yake pembeni. Mtoto anayekariri orodha hajifunzi kitu ambacho mchezo wenyewe unafundisha bila mwalimu: kusikiliza neno hadi kwenye kiambishi. Mmisionari Mwingereza Edward Steere alipochapisha London mwaka 1870 hadithi alizozikusanya Zanzibar, alitia na vitendawili, na kwenye karatasi vikabaki jozi za swali na jibu. Kwenye karatasi havina budi. Nyumbani si lazima.

Mtegee mtoto "Nyumba yangu haina mlango." Akisema yai, vizuri. Akisema kaburi, usimwambie amekosa. Mwambie aitetee. Mtihani utampa sifuri, hilo halina ubishi, lakini mtihani haukuuanzisha mchezo huu.

Akishindwa, mdai mji. Hapa ndipo wazazi wa siku hizi wanapokosa subira, wanatoa jibu mara moja ili waendelee na kingine. Mji una kazi yake. "Nipe mji." "Chukua Tanga." "Tanga sitaki." "Basi Mombasa." Ukikubali, unafunga safari yako: nilikwenda Mombasa, nikapokewa, nikala nikashiba, nikalala penye upepo, nikarudi na jibu langu. Mradi unaringa, na wakati unaringa, kuna mtoto kule pembeni, mdogo kuliko wote, bado anaisikiliza ile u- au a- kichwani. Mara nyingi huyo ndiye anayekukata kauli kabla hujarudi kutoka Mombasa. Akipatia, mji unarudi kwa wenyewe, na zamu ya kutega ni yake.